Sitara ni ya Nani?

Ipole, kusini mwa Sikonge katika mkoa wa Tabora, ni njia panda. Msafiri atokaye Tabora hushika kulia akaelekea Koga na Mpanda, au kushoto akaelekea Rungwa. Nchi hii ya miombo, asali na tumbaku iliizoea misafara katika karne ya 19, Tabora ilipokuwa kituo kikuu baina ya pwani na Ujiji. Wanawake waliuzwa na kununuliwa katika misafara ile, na kila aliyewamiliki alijitwalia pia haki ya kuwasemea. Biashara hiyo ilikoma. Desturi ya kumsemea mwanamke haikukoma nayo.

Mwanamke wa kijijini apigwapo na mumewe, au aingiliwapo kwa nguvu, mara nyingi nasaha ya kwanza anayopewa ni sitara. Neno ni la pwani, lakini maana yake huko bara haihitaji mkalimani. Wazee hukaa, mkosaji huonywa, pengine hutozwa kitu, na mwenye jeraha huitwa mwisho ili aambiwe yaliyokwisha kuamuliwa.

Sitara isidharauliwe. Ni katika mambo bora waliyorithishana watu wa mwambao: kutomwanika mwenzako, kutofanya msiba wa jirani kuwa gumzo la barazani. Ila sitara ni vazi, na vazi lina mwenyewe. Aliyepiga huenda gulioni kichwa wazi, akaamkiwa. Aliyepigwa hujitanda kanga juani ili alama zisionekane. Hapo nani amesitiriwa? Vazi la mwanamke limevuliwa likavishwa mwanamume, kisha mwanamke akasifiwa kwa subira.

Sheria iliyasema haya mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumchapa mwenzi wake. Ile ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa abakaye mtu mzima, na Mahakama ya Rufani imekariri mara nyingi kuwa ushahidi ulio bora wa kubakwa ni wa aliyebakwa mwenyewe. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo ya 1998 ilimwacha nje mke asiyetengana na mumewe. Kwake yeye, bunge nalo lilikaa kama wale wazee.

Kumsaidia basi ni kumrudishia lililo lake, kwanza kauli. Haulizwi alivaa nini wala alitokea wapi usiku ule. Huambiwa anayopaswa kuyajua, na upesi: nguo zile zisifuliwe, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ianzwe ndani ya saa 72, fomu ya polisi, ile PF3, ina kazi yake mahakamani, lakini matibabu yasikae kuingojea. Saa 72 si nyingi kwa mtu aliye mbali na hospitali, asiye na nauli, ambaye nusu ya muda wake umekwisha kuliwa na kikao cha ukoo.

Kuna na msaidizi wa namna nyingine, mwenye nia njema na haraka, amvutaye mwanamke hadi kituoni kabla hajatamka neno. Huyu naye amemsemea. Mwanamke huyo anawajua wanawe na njaa yao, anaijua mahari iliyoliwa, anamjua mume atakayerudi akiachiwa kwa dhamana. Akisema leo hapana, kesho huenda akasema ndiyo, na aliyemwacha kwa sababu ya ile hapana hatakuwapo kuisikia ndiyo. Kwa mtoto shauri ni jingine: hapo mtu mzima hana ruhusa ya kungoja.

Tangu 2008 polisi walipoanza kuweka madawati ya jinsia, mahali pa kusemea pameongezeka. Lililobaki adimu ni mtu wa kufuatana naye: atakayetoa nauli ya kwenda Sikonge, akampokea mtoto mgongoni, akaketi nje ya mlango hadi aitwe, na akirudi kijijini akaulizwa walikwenda kufanya nini, akajibu kwamba aulizwe mwenyewe.