Baada ya Jahazi Kukamatwa

Kila nikipita Kilwa Kivinje hujiuliza: mtu aliyekombolewa kwa mzinga anakuwa huru kuanzia lini?

Katika karne ya 19, bandari hii ndiyo iliyokuwa lango kuu la utumwa katika pwani ya kusini. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, majahazi yakapakia watu na kuwapeleka Unguja. Manowari za Uingereza zilikuwapo baharini, lakini mkataba wa 1845 na Sayyid Said ulikataza kuwapeleka watumwa Uarabuni tu. Kuwatoa Kilwa kwenda Unguja kulibaki halali hadi Juni 1873, pale Sultani Barghash, akitishiwa kuzingirwa na manowari, alipotia saini mkataba mpya na soko la Unguja likafungwa.

Siwezi kuidharau kazi ya manowari zile. Aliyekuwa amebanwa ndani ya jahazi, bila hewa wala maji, hakuwa na haja ya kupima nia ya baharia aliyemfungulia. Wapo wanaosema bunduki haiwezi kutenda haki. Mimi nadhani mtu huyo angewakatalia.

Lakini mabaharia walilipwa tuzo kwa idadi ya waliokombolewa au kwa ukubwa wa jahazi walilokamata. Jahazi likichomwa moto na watu wakishahesabiwa, kazi yao ilikuwa imekwisha. Waliokombolewa wakashushwa Aden, Bombay au Shelisheli, mbali na kwao, na huko Shelisheli wengi waligawiwa wenye mashamba kwa mikataba ya kazi. Huku Kilwa, bahari ilipobanwa, wafanyabiashara waliwaswaga mateka kwa miguu kuelekea kaskazini, hadi Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876.

Mwishoni mwa 1888 Ujerumani na Uingereza ziliizingira pwani kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Wakati huohuo wenyeji walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, na mzingiro huo ukawazibia silaha. Wajerumani wakatawala, wala hawakuufuta utumwa wenyewe. Tanganyika ilisubiri hadi 1922, chini ya Waingereza.

Hapo ndipo ninapoona tatizo. Jeshi hupewa kazi ya kukamata, nasi hulipima kwa idadi ya waliokamatwa. Sheria yetu ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu imekwenda mbele zaidi, kwani imeweka mfuko wa kuwasaidia waathirika. Kwa hiyo, tukisikia leo kwamba boti imezuiwa baharini, tuulize pia watu wale wamelala wapi usiku huo: mahabusu kama wahamiaji haramu, au mahali salama? Nani anazungumza lugha yao? Na kuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi?