Wekeni Sauti za Wazee wa Mikese

Ndugu zangu wa Mikese, na ninyi majirani wa Kiroka na Mkuyuni, simu mlizo nazo mifukoni zinaweza kushika sauti ya mtu kwa saa nyingi. Tumezijaza miziki na mipira. Bibi amekaa barazani, ana kumbukumbu za miaka themanini na zaidi, na hakuna anayemwuliza!

Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliyakataa matuta ya ngazi ambayo serikali ya Mwingereza iliwalazimisha kuyachimba milimani. Matombo kukachafuka, mtu akauawa, na mwishowe mpango ule ukaachwa. Binti aliyekuwa na miaka 15 wakati ule, aliyeshika jembe na kusikia mama zake wakinong'ona usiku, leo amevuka 80. Mafaili ya wakoloni yapo na yatakuwepo. Minong'ono ile iko kwake tu. Mnangoja nini?

Waliotutangulia hawakungoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, wakiongozwa na wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe, waliingia vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji. Vita vilianza 1905. Wangechelewa miaka ishirini, wangehoji makaburi.

Sisi tumechelewa mengi tayari. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoiteka reli kutoka kwa Wajerumani, shehena za vita zilishushwa hapa Mikese zikapelekwa kusini, Duthumi, kwa magari na juu ya vichwa vya wapagazi. Makamanda waliandika vitabu. Mpagazi hakuandikwa, kama jina lake limesalia, limesalia kinywani mwa mjukuu wake. Hata habari za Kolelo, mzimu wa milima yetu, zilichapwa kwa Kijerumani na mmisionari Martin Klamroth kabla ya vita ile. Je, mtoto wa Uluguru akajifunze Kijerumani ndipo aujue mzimu wa babu zake?

Basi nendeni, tena nendeni kwa adabu. Shikamoo kwanza, ruhusa kwanza, simu baadaye. Mzee akisema jambo fulani la mizimu au la jando halisemwi, liacheni. Heshima yake ni kubwa kuliko udadisi wenu. Wala msimgeuze aseme Kiswahili ili ninyi mpate wepesi. Kama ngano aliipokea kwa Kiluguru, Kikami au Kikwere, aitoe hivyo hivyo, tafsiri itafuata.

Na msiende peke yenu! Chukueni watoto. Ngano nyingi zina wimbo katikati, na wimbo unataka waitikiaji. Msimulizi aliyekaa mbele ya kijana mmoja aliyenyoosha simu atafupisha, atasema mambo yalikuwa hivi na hivi, basi. Mwekeeni watoto watano mkekani waitikie, mtamwona anavyoinuka, anavyobadili sauti ya fisi na ya sungura, anavyorudia wimbo mara ya tatu kwa sababu mdogo wao amekosea. Hiyo ndiyo ngano.

Akina bibi msiwapite. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na ardhi imeshikwa na ukoo. Nani alilima bonde lipi, na mpaka ulipita mti gani, bibi anaweza kuwajibu kabla hamjamaliza kuuliza.

Waislamu miongoni mwenu mnajua jinsi wapokezi wa hadithi za Mtume walivyotaja fulani kapokea kwa fulani, mpaka chanzo. Wakristo mnakumbuka mawe kumi na mawili ya Yoshua, yaliyowekwa ili watoto wakiuliza wajibiwe. Fanyeni hivyo hivyo. Kabla msimulizi hajaanza, tamkeni tarehe, kijiji, jina lake na ukoo wake, kisha mwulizeni: haya uliyasikia kwa nani? Rekodi isiyo na jina la msimulizi itakuwa yatima baada ya miaka michache.

Mkimaliza, msikilizisheni mwenyewe aisikie sauti yake, asahihishe. Nakala ya kwanza ibaki kwa watoto wake. Nyingine iwekeni kwenye kompyuta ya shule au ya ofisi ya kijiji, maana simu huibiwa, na simu hutumbukia majini. Kabla ya kuaga, mwulizeni ni nani wa rika lake ambaye bado yuko hai, anakaa wapi. Kesho mwende huko.