Je, Cherehani ya Zamani Ina Deni?

Mwaka jana shangazi yangu aliamua kushona mifarishi kwa kuunganisha vipande vya suruali za jinzi za mitumba. Cherehani yake mpya haikuiweza kazi hiyo. Ilipofika kwenye mshono wenye tabaka nne za jinzi sindano ilivunjika, na baada ya siku chache gia ya plastiki iliyomo ndani ikang'oka meno. Fundi alimshauri atafute ya zamani, ndipo tukaenda Old Kampala. Huko nilikutana na swali ninalotaka kulijadili katika insha hii: mtu anaponunua kitu cha zamani kwa nia njema, je, anarithi pia deni lililomo ndani yake?

Kwanza nieleze tulichokuwa tukitafuta. Cherehani ya vitambaa vizito inafaa iwe na mwili wa chuma, gia za chuma na gurudumu zito, kwa sababu uzito wa gurudumu huisaidia sindano kupenya tabaka nyingi. Mguu unaokandamiza kitambaa lazima uinuke kiasi cha kupitisha mfarishi, na meno yanayosogeza kitambaa yasiwe yamelika. Mapambo ya mishono si lazima. Mshono mmoja ulionyooka unatosha. Kuijaribu ni rahisi: chukua kipande cha jinzi, kikunje mara mbili, weka sindano namba 16 au 18, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Sindano ikipenya bila kukwama, na uzi wa juu na wa chini ukikutana katikati ya kitambaa, hiyo ndiyo ya kununua.

Tulipata Singer ya kukanyaga kwa miguu iliyofaulu yote hayo. Shangazi alipovuta droo tuliona maneno ya wino yaliyofifia, kwa hati ya Kigujarati. Mzee aliyekuwa akiiuza hakuficha. "Hilo ni jina la mwenyewe wa kwanza, Mhindi, kabla ya Amin. Mimi nami niliinunua kwa mtu. Lakini usijali, nyabo, nitaipiga msasa na kuipaka rangi, itakuwa kama mpya."

Msomaji anaijua historia hiyo. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maduka na nyumba zao zikagawiwa watu wengine. Katika miaka ya 1990 majengo mengi yalirudishwa kwa wenyewe, kwa sababu jengo lina hati na linaweza kudaiwa. Cherehani haina hati. Namba iliyogongwa kwenye chuma cha Singer hukuambia kiwanda na wakati ilipotengenezwa, lakini haikuambii nani aliinunua wala ilimtokaje mikononi. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Yaelekea cherehani hii ilipita njia moja kati ya tatu. Huenda iliporwa. Huenda mwenyewe alimwachia mfanyakazi wake kama zawadi. Au huenda aliiuza kwa bei ya kutupa siku zilipokuwa zikihesabika, na hapo pana swali jingine: mauzo ya mtu aliyelazimishwa kuondoka ni mauzo kweli? Hatuwezi kujua ni njia ipi, na tunapaswa kuamua hivyo hivyo bila kujua.

Rafiki yangu mmoja anasema miaka 50 imepita, jambo limekwisha. Sikubaliani naye. Muda hufuta ushahidi, lakini haugeuzi dhuluma kuwa haki. Ingekuwa hivyo, kila mwenye kuficha kwa muda mrefu angekuwa mkweli. Mwingine anasema tusingeigusa kabisa. Naye simkubali. Tungeiacha, pengine ingeuzwa kama chuma chakavu, na aliyedhulumiwa asingepata chochote. Zaidi ya hayo, waliokaa mbele ya cherehani hiyo baada ya 1972 wakalisha watoto kwa kushona nao wana haki yao ndani yake. Jasho lao halikuwa la wizi.

Nadhani makosa ya rafiki zangu wote wawili ni kuchanganya hatia na wajibu. Hatia hutokana na tendo, na shangazi hakutenda lolote. Mwaka 1972 alikuwa hajazaliwa. Wajibu unaweza kutokana na kujua tu. Kabla ya kuvuta droo tulikuwa wanunuzi wa kawaida. Baada ya kuliona jina hatukuweza tena kusema hatukuliona. Wajibu wenyewe ni mdogo: kutolifuta jina, kumwambia ukweli atakayeinunua baadaye, na kumsikiliza kwa heshima mwenye haki iwapo atatokea.

Msomaji anaweza kusema wajibu huu ni rahisi mno, haumgharimu mtu kitu. Ni kweli haulipi deni la 1972, wala sidai hivyo. Lakini hata huo rahisi ni nadra kutimizwa, kwa kuwa rangi mpya hupandisha bei, na mnunuzi hupenda kitu kisicho na habari. Anayepaka rangi juu ya jina hamwongezei aliyeondoka hasara ya fedha. Anamwondolea alama ya mwisho kwamba aliwahi kuishi na kufanya kazi hapa.

Shangazi hakusoma falsafa. Aliufunga mlango wa droo taratibu, akasema, "Mzee wangu, iache ilivyo." Mzee alicheka, na bei hakuipunguza hata shilingi.

Leo cherehani hiyo inapitisha jinzi bila kulalamika. Sindano na vifungo vinakaa ndani ya droo ile ile, juu ya jina ambalo hakuna kati yetu awezaye kulisoma. Siku moja nilimuuliza shangazi atafanya nini wenyewe wakija. Alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa: "Wakija tutaongea. Wataikuta inafanya kazi."