Nani Alikosa?



Wanawake wanapokwenda kumwona mzazi hubeba sabuni, khanga na chupa ya uji, na kabla hawajaketi vizuri wameshaomba wampakate mtoto. Zipo nyumba, hata hivyo, ambamo mtoto hafunuliwi haraka. Yupo, analia kwa nguvu, lakini mdomo wake wa juu umepasuka hadi puani. Wageni wanatazamana. Shangazi anakumbuka usiku ule mwezi ulipopatwa. Mwingine ananong'ona kwamba labda mama alimcheka mtu mwenye mdomo wa sungura. Wanasema kwa sauti ya chini, na mama kitandani anasikia yote.

Umewahi kuketi katika chumba cha namna hiyo? Ulisema nini?

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanapita kwa mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanataka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Kisha anatengeneza tope, anampaka machoni na kumtuma akanawe katika birika la Siloamu. Wao walikuwa wanatafuta mkosaji; yeye akaanza kazi.

Madaktari nao, ukiwauliza chanzo cha mdomo kupasuka, hawamnyoshei mtu kidole. Uso wa mtoto hujengwa mapema mno: mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Pande za uso husogeleana na kushikana, kama kili za mkeka zinavyoshonwa ubavu kwa ubavu. Pasiposhikana hubaki pengo. Inakadiriwa kuwa duniani mtoto 1 kati ya 700 hivi huzaliwa na hali hii. Mara nyingi mambo kadhaa hukutana: urithi wa ukoo, sigara, pombe, kisukari, baadhi ya dawa za kifafa, upungufu wa foliki. Kwa hiyo ni vyema kuanza vidonge vya foliki kabla ya mimba, na mwenye kifafa azungumze na daktari wake, asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini wapo waliotimiza yote hayo, na bado mtoto akazaliwa hivyo.

Mama mpendwa, unayelala ukihesabu ulichokula na ulichokosa kula, je, waweza kujisamehe kosa ambalo hukulitenda? Na mama mkwe akikujia na maneno mazito, huenda hofu ndiyo inayosema ndani yake. Mweleze kwa upole. Ukishamweleza, mpe kazi, maana kazi ipo.

Kazi ya kwanza ni maziwa. Mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta titi kwa nguvu, kwa sababu hewa hupitia kwenye pengo; maziwa humtokea puani, anachoka kabla hajashiba, na uzito unashuka. Hapo mama hukamua maziwa yake kwenye kikombe safi, humpakata mwanawe akiwa wima, kisha humpa kijiko kimoja, anangoja ameze, halafu kingine. Katikati humcheulisha. Saa chache baadaye anaanza upya, hata usiku wa manane. Nani atasema hiyo si ibada?

Kijiko hicho ndicho kinachomfikisha mtoto kwenye upasuaji, kwa sababu daktari hutaka kwanza awe na uzito na damu ya kutosha ndipo apewe nusu kaputi. Mdomo hushonwa kwa kawaida kuanzia miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, kabla mtoto hajazoea kusema kwa kupitishia sauti puani. Akichelewa, matamshi yake yatakuwa magumu kueleweka, na watoto wenzake watamcheka. Masikio nayo yafuatiliwe, kwani hujaa majimaji na usikivu ukapungua. Meno yatahitaji daktari, na ulimi utahitaji mwalimu wa matamshi. Mshono ni wa siku moja, malezi ni ya miaka. Upendo pia uko hivyo: siku ya furaha ni moja, zinazobaki ni za kurudi kliniki.

Katika Afrika Mashariki huduma hii ipo, na mara nyingi hutolewa bila malipo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewahudumia watoto hawa, na hospitali ya CoRSU nchini Uganda pia. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hulipia upasuaji kupitia hospitali za nchi zetu. Lakini upasuaji wa bure haumlipii mama basi kutoka kijijini, wala haumpikii mume na watoto aliowaacha nyumbani.

Basi juma hili, mpendwa, ukimfahamu mtoto anayefichwa, nenda ukampakate. Usiulize habari za mwezi. Uliza tarehe ya kliniki, kisha jumuiya yenu ichange nauli ya kwenda na kurudi, na mmoja wenu abaki na watoto wa nyumba ile.