Hazina Iliyofungiwa Kabatini

Vijana wenzangu, leo nina swali: mtu akinunua kitabu kwa bei ya nyumba, halafu asikifungue kabisa, je, amekosea?

Wapo watu wanaokusanya matoleo ya kwanza ya vitabu vikubwa vya uchumi. Wanatafuta The Wealth of Nations cha Adam Smith, kilichotoka London mwaka 1776 kwa juzuu mbili, au juzuu ya kwanza ya Das Kapital ya Karl Marx, iliyochapwa nakala 1,000 mwaka 1867. Maneno yaliyomo unaweza kuyasoma bure kwenye simu yako sasa hivi. Kwa hiyo wanacholipia ni karatasi zenyewe, na uchache wake. Ajabu ni kwamba Smith aliandika kuwa utajiri wa taifa si dhahabu iliyorundikwa sandukuni, na leo kitabu chake kinafungiwa kama dhahabu!

Ni rahisi kusema huo ni ubatili mtupu. Mimi siafiki. Mtazame Herbert Foxwell, mwalimu wa uchumi wa Uingereza. Alikusanya hata vijitabu vya kodi, fedha na bei ya nafaka, vitu ambavyo wengi wangevitupa. Mwaka 1901 aliuza vitabu kama 30,000 kwa chama cha wafua dhahabu wa London, nacho mwaka 1903 kikavitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha London. Foxwell hakutoa bure, alilipwa vizuri tu. Lakini bila mtunzaji kama yeye, wasomi wa leo wangesoma nini?

Basi kosa haliko kwenye kukusanya. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa 1891, alifundisha kwamba kumiliki mali ni haki, ila katika kuitumia tuione kama ya wote, tukiwa tayari kumgawia mwenye shida. Kutunza ni hatua ya kwanza, na ni njema. Hatua ya pili ni kufungua mlango. Anayeishia ya kwanza amefanya kama yule mtumishi aliyefukia talanta: haikupotea, lakini haikumfaa mtu.

Mimi na wewe hatuna kitabu cha 1776. Ila tunavyo vitabu, gitaa, kompyuta, hata ujuzi, ambavyo tunavitunza sana asiviguse mtu. Wiki hii chagua kimoja. Jiulize: nani angefaidika nacho, kama ningemfungulia?