Mbega Hana Kazi Sebuleni

Wanangu, nimewasikia. Mnasema wakati umefika sheria ilegezwe, kila mwenye nyumba hapa Moshi afuge anachokipenda: tumbili, kobe, kinyonga mwenye pembe, hata chatu. Mnasema Wazungu wanafuga wanyama wa kwetu, sisi wenyewe tunakatazwa. Maneno haya baba zenu nao waliniletea, na kusema kweli nimechoka kuyajibu. Lakini kaeni, nitayajibu tena.

Kwanza, mlango haujafungwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inasema wanyamapori ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba ya Watanzania wote. Hata hivyo, mwenye eneo la kutosha, uwezo wa kujenga mabanda na daktari wa mifugo anaweza kuomba kibali afungue bustani au shamba la wanyamapori, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) wakaja kukagua. Asiye na kibali, mnyama aliye naye huhesabiwa nyara ya Serikali, awe hai au amekufa, na kwa nyara watu wamefungwa miaka 20. Ninyi mnachotaka ni kibali kisichouliza eneo wala daktari. Hapo ndipo tunapoachana.

Mchukueni mbega, maana ndiye mnayemwona msitu wa Rau na ule wa Nusu Maili kule juu. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe, weusi huja baadaye. Mkono wake hauna dole gumba la maana. Vidole vinne vinatosha kunasa tawi. Tumbo lake lina vyumba, na majani huchachukia humo polepole. Mlishe mandazi, wali wa jana na ndizi mbivu, tumbo litavimba, atakufa mbele yako ukiwa umemshika mkono.

Nilimwona mmoja mjini humu, nyuma ya baa, amefungwa kamba kiunoni. Kamba ilikuwa imekula manyoya hadi ngozi ikabaki nyekundu, na wateja walikuwa wakimrushia chipsi. Aliyemfunga alimpenda kwa dhati, alimpa hata jina. Mapenzi yale hayakumsaidia mnyama kitu. Na msidhani mtoto wa mbega huokotwa njiani. Hushikilia kifuani kwa mama yake, na mama hamwachii mtu. Kabla hamjampata mtoto, jueni mama yake amefanywa nini.

Mtanijibu kwamba mmoja tu hana madhara. Mmoja wako wewe, mmoja wa jirani, mmoja wa mteja aliye Ulaya. Nendeni mkaulize msitu wa Kimboza, Morogoro. Pale kuna mjusi mdogo wa buluu ambaye duniani kote makazi yake hayazidi vipande vichache vya msitu mkoani humo. Wafugaji wa ng'ambo walimpenda kwa rangi yake. Yeye hujificha kwenye makutano ya majani ya miti ya jamii ya mkadi, basi wakamataji wakawa wanaukata mti mzima ili kumpata. Watafiti walikadiria kuwa kati ya mwaka 2004 na 2009 walitolewa mijusi zaidi ya 30,000. Ilibidi mwaka 2017 mjusi huyo apewe ulinzi wa juu kabisa katika biashara ya kimataifa. Mti uliokatwa je, nani ameurudisha?

Hata wadudu hawakusalimika. Mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini vijana wawili wa Ubelgiji, shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja, kwa kukutwa na chungu wapatao 5,000 kwenye vichupa. Huko chungu hao walikokuwa wakipelekwa, watu huwafuga majumbani.

Na sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kwenda mbali. Novemba 2010, pale uwanja wa ndege wa KIA, wanyama zaidi ya 100, twiga wanne wakiwemo, walipakiwa ndegeni kwenda Qatar. Kesi ikasikilizwa hapa Moshi. Mwaka 2014 raia mmoja wa Pakistani alihukumiwa miaka 60 jela, naye hayupo, ametoroka dhamana. Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyama hai nje mwaka 2016. Juni 2022 TAWA walipotangaza kuufungua kwa miezi sita, haikupita hata wiki Waziri akasitisha. Hata Falme za Kiarabu, walikozoea matajiri kupakia duma kwenye magari, zilitunga sheria mwaka 2016 kuzuia mtu binafsi kufuga wanyama wa hatari.

Ninachokiogopa zaidi ni hiki. Siku ufugaji wa nyumbani utakapohalalishwa, kobe aliyeibwa porini na kobe aliyezaliwa bandani watafanana. Askari wa wanyamapori akija getini, utamwonyesha karatasi na kumwambia alizaliwa hapa. Atakupingaje? Atarudi zake, na wewe utaagiza mwingine. Sijataja bado tumbili, ambaye akikomaa huuma, na kichaa cha mbwa hakichagui mnyama.

Kwa hiyo, wanangu, mwenye nia na uwezo aende TAWA, aombe, akaguliwe. Akishindwa ukaguzi, basi na mnyama amwache. Na mkimkuta mtoto wa mbega ameanguka shambani chini ya migomba, msimpe maziwa, msimpeleke ndani watoto wakamchezee. Sogeeni kando, mama yake huenda yuko juu mtini anawatazama. Asipokuja, waiteni watu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA) au TAWA siku hiyo hiyo.