Subira na Kisu cha Tabibu

Mtu mzima ambaye uti wake wa mgongo umepinda, na ambaye mwaka baada ya mwaka huona bega moja likishuka na upindo wa kanzu ukigusa kifundo upande mmoja na kupanda upande wa pili, huulizwa na nafsi yake swali zito: je, kumwendea tabibu wa upasuaji ni kukosa radhi kwa kadari ya Mola? Wako wasemao kuwa subira yatosha. Lakini Nabii Ayubu, aliye kigezo cha wenye subira, alimwomba Mola wake, na alipojibiwa akaamriwa aupige mguu wake ardhini, apate maji ya kuoga na kunywa. Basi hata kupona kwake kulipitia sababu.

Walakini sababu si dhamana. Mpindo uliozidi digrii 50 aghalabu huendelea kuongezeka hata utu uzimani, na vyuma na skrubu ambavyo tabibu huvitia mgongoni ili kuunganisha pingili zake huweza kuuzuia. Ila pingili zilizounganishwa hazikunjiki tena, na maumivu huenda yakapungua yasiishe. Kwa hiyo akubaliye kisu baada ya mashauri hakuasi, wala akikataaye kwa ujuzi si mwoga. Wa kulaumiwa ni yule auitaye uzembe wake tawakali.